Asilisaurus Kongwe: Mnyama wa Kale Mwenye Jina la Kiswahili

Mwanafunzi mmoja alirudi kutoka likizo kwao Muyinga akiwa na jiwe jeupe lenye ncha. Alituambia darasani hapa Gitega kwamba ni jino la dinosauri. Wenzake wakamcheka. Lakini kucheka si kujibu. Basi na tujibu.

Mfupa ukifunikwa upesi na mchanga au tope, maji yenye madini huupenya polepole mpaka ukageuka jiwe. Hicho ndicho kisukuku. Ukikitazama pale kilipovunjika, mara nyingi utaona vitundu vidogo vya mfupa. Jiwe la ndugu yetu halikuwa na vitundu. Lilikuwa gumu, likimeta kama kioo, la namna ile ile tuionayo vilimani kwetu. Tena mawe mengi ya Gitega na Muyinga yana umri wa zaidi ya miaka milioni elfu moja. Yalifanyika kabla mnyama ye yote mwenye mifupa hajaonekana duniani. Kutafuta dinosauri humo ni kama kumtafuta mjukuu katika nyumba iliyobomoka kabla babu yake hajazaliwa.

Je, twende wapi? Twende kusini mwa Tanzania, katika bonde la mto Ruhuhu, umwagao maji yake katika Ziwa Nyasa. Katika matabaka ya huko ilipatikana mifupa ya wanyama wasiopungua 14 wa aina moja. Mwaka 2010 mtaalamu Sterling Nesbitt na wenzake walimtangaza kwa jina la Asilisaurus kongwe. “Asili” na “kongwe” ni maneno yetu wenyewe. “Saurus” latoka Kiyunani, maana yake mjusi.

Mnyama huyu aliishi yapata miaka milioni 240 iliyopita. Hakuwa jitu. Urefu wake ulikuwa meta 1 hata 3 pamoja na mkia, na uzito kilo 10 hata 30. Alitembea kwa miguu minne. Meno yake yalikuwa madogo, na ncha ya taya la chini ilikuwa kama mdomo wa ndege. Kwa hiyo wataalamu wasema alikula majani, na labda nyama kidogo.

Kwa nini apewe heshima kubwa? Wengi humhesabu kuwa ndugu wa karibu wa dinosauri. Wengine humweka pamoja na dinosauri wala majani wenyewe. Ukiona tawi moja la mti limekwisha kuchipua, wajua kwamba panda iko chini yake, na tawi la pili limeanzia hapo hapo. Hivyo tumejua kwamba ukoo wa dinosauri ulianza mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Mwenzetu wa Muyinga alikosea jiwe, lakini hakukosea kuinama na kuokota. Ukiokota kitu cha ajabu, usikipasue wala usikiuze. Andika mahali ulipokiona, kisha umwonyeshe mwalimu wako. Kitu kisichojulikana kilikotoka hakifundishi mengi.

Maswali
1. Kisukuku hufanyika namna gani?
2. Kwa nini hatutazamii dinosauri katika mawe ya Muyinga?
3. Eleza maana ya jina Asilisaurus kongwe.