Mwongozo wa kuunganisha likembe na spika, simu au kompyuta

Mwongozo huu ni wa mafundi redio na wapiga likembe wa Kasuku, mjini Kindu, wanaotaka ala hii ya sanduku lenye ndimi isikike mbali au irekodiwe bila kuharibiwa. Kazi yenyewe si ngeni nchini Kongo. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa kikundi cha Konono No 1 alitengeneza vinasa sauti vya likembe kwa sumaku za vipuri vya magari na waya wa shaba; albamu yao, Congotronics, ilitoka mwaka 2004. Mikwaruzo iliyoletwa na vifaa hivyo hawakuificha, na ndiyo iliyowatambulisha.

Sumaku hunasa ulimi wa chuma tu. Ikiwa ndimi ni za shaba au mwanzi, usipoteze waya: tumia piezo, kile kisahani chembamba cha rangi ya dhahabu kinacholia ndani ya saa za kuamshia na midoli ya watoto. Kibandike kwanza kwa nta ya nyuki, si gundi, karibu na kijiti kinachoinua ndimi. Mpigaji apige huku fundi akikisogeza kidogo kidogo, mpaka ndimi ndefu na fupi zitoke kwa nguvu sawa. Sanduku lisitobolewe. Pete zinazotetema kwenye ndimi zisiondolewe eti zinaleta kelele, zimewekwa makusudi.

Mpigaji huziba na kufungua tundu la sanduku kwa kidole ili sauti iyumbe. Mafundi wengi hulisahau hili. Yumbo hilo linapita hewani, na piezo hulipata kwa shida. Anayetegemea mbinu hiyo awekewe pia mikro ndogo mbele ya tundu, kisha sauti mbili zichanganywe.

Piezo ina ukinzani mkubwa: ukiichomeka moja kwa moja kwenye simu, besi hupotea na kubaki mlio wa bati. Weka katikati kikuza sauti kidogo chenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu 1 au zaidi, kinachotumia pili (betri) ya volti 9, na waya wa kutoka kwenye piezo usizidi mita 1. Kifaa cha kujitengenezea kisiunganishwe kamwe na umeme wa volti 220.

Rekodi kwa kilohezi 48, faili ya WAV. Jukwaani tumia waya. Spika ya Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya sekunde 0.1, na hapo mpigaji hupoteza mwendo. Programu ya kupima sauti isitumiwe kuilazimisha likembe ifuate kinanda. Rekodi kila ulimi peke yake, jinsi mwenyewe alivyoupanga, kabla hujasogeza chochote.

Wanaovuka mto Lualaba kwenda kupiga ng'ambo, Alunguli, watoe pili kwanza, na kikuza sauti kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki uliokazwa.