Kozi ya Excel Mtandaoni: Nichague Ipi?

Swali: Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti, Kondoa. Daftari la mizani limenielemea, nataka kujifunza Excel mtandaoni. Kozi nyingine zinatoza ada kubwa na kuahidi cheti.

Jibu: Cheti kiweke kando. Mwenyekiti wako atakuuliza kilo, si cheti. Tazama somo moja la bure YouTube. Mwalimu anatoa faili la mazoezi, au anaringa na michoro tu? Hana faili, achana naye. Mada zinazokutosha ni SUM ya kujumlisha, IF ya kuweka sharti, kuchuja orodha, na PivotTable, inayojumlisha kilo za kila mkulima kwa mara moja. GCFGlobal wanafundisha bure, kwa Kiingereza chepesi, na masomo yao ya maandishi hayamalizi bando kama video.

Huna kompyuta? Google Sheets inafanya kazi kwenye simu, na =SUM(B2:B40) ni ileile.

Fanyia mazoezi kurasa za msimu uliopita, ambazo jumla yake unaijua. Safuwima ya kilo iwe namba tupu: ukiandika "85 kg", programu huona ni maneno, na SUM huyaruka kimyakimya. Hapo ndipo makarani wengi huanza kuilaumu kompyuta.