Sindano Baada ya Kujifungua: Pajani au Mshipani?

Wengi hudhani kwamba mtoto akishalia, kazi imekwisha. La hasha! Hatua ya tatu na ya mwisho ya uzazi huanza mtoto anapotoka na huisha kondo la nyuma linapotoka. Wakati huu, na saa chache zinazofuata, mama aweza kuvuja damu hadi kufa.

Kwa nini? Kondo linapobanduka, mishipa ya damu huachwa wazi. Mji wa mimba ukijikaza, mishipa hiyo hubanwa. Ukilegea, damu huendelea kumwagika.

Dawa iitwayo oksitosini huufanya mji wa mimba ujikaze. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) linapendekeza kila mama apewe uniti 10 mara tu mtoto azaliwapo, hata kama havuji damu nyingi.

Je, adungwe wapi?

Pajani: Sindano ya msuli ni rahisi na haihitaji dripu. Dawa huanza kazi baada ya dakika chache na hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Mshipani: Dawa huanza kazi kwa muda wa dakika moja hivi, lakini nguvu zake huisha mapema. Sharti itolewe polepole, kwani ikisukumwa kwa haraka shinikizo la damu laweza kushuka ghafla.

Utafiti uliofanywa Ireland kwa zaidi ya akina mama 1,000 na kuchapishwa mwaka wa 2018 ulilinganisha njia hizo mbili. Waliopoteza lita moja ya damu au zaidi walikuwa asilimia 8.1 kati ya waliodungwa msulini, na asilimia 4.6 kati ya waliodungwa mshipani. Waliohitaji kuongezwa damu walikuwa asilimia 4.4 na 1.5.

Mwaka wa 2020, WHO ilishauri kwamba mama ambaye tayari ana dripu apewe dawa hiyo mshipani, polepole. Asiye na dripu adungwe msulini. Usihofu ukidungwa pajani. Hiyo pia ni kinga nzuri. Hatari kubwa ni kukosa sindano kabisa.

Uendapo kliniki, muulize mkunga kama dawa hiyo ipo na kama huhifadhiwa kwenye friji, kwa maana joto huipunguza nguvu. Ukishajifungua, pedi ikilowa upesi au ukihisi kizunguzungu, usinyamaze. Mwite muuguzi mara moja.