Mada ya 7: Themostati na Sakafu Inayopashwa Joto kwa Umeme

Malengo. Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi themostati inavyofanya kazi;
(b) kutaja hatua za kuifunga na kutoa sababu ya kila hatua;
(c) kuipangia saa na halijoto;
(d) kukokotoa mkondo, ukinzani, nishati na gharama.

7.1 Themostati ni nini?

Themostati ni swichi inayoongozwa na halijoto. Kitu kikipoa, inawasha. Kikifika kiwango ulichokiweka, inazima. Huenda hujawahi kukanyaga sakafu inayopashwa joto kwa umeme, kwa kuwa huku kwetu haihitajiki sana. Hata hivyo unaifahamu themostati: imo ndani ya pasi, friji, hita ya maji ya kuoga na mashine ya kutotolea vifaranga. Katika nchi za baridi kama Uingereza, waya wa joto hutandazwa chini ya vigae vya bafu, na themostati ndiyo huamua waya huo upate umeme saa ngapi.

Kifaa hiki kina historia ndefu. Mwaka 1830 Andrew Ure, mwanakemia wa Scotland, alipata hataza ya themostati ya metali mbili. Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu katika jimbo la Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya themostati ya umeme ya chumbani. Alitaka kudhibiti joto la madarasa bila mtu kuingia kila mara kusoma kipimajoto.

7.2 Aina mbili unazopaswa kuzijua

Themostati ya metali mbili. Vipande viwili vya metali tofauti, kwa mfano brasi na chuma, hubanwa pamoja. Vikipata joto, brasi hutanuka zaidi kuliko chuma, hivyo kipande hupinda na brasi hubaki upande wa nje wa pindo. Kupinda huko hutenganisha ncha za swichi na umeme hukatika. Kikipoa, hunyooka, ncha hugusana tena na umeme hupita. Pasi nyingi hutumia aina hii.

Themostati ya kielektroniki. Hii ndiyo hutumika kwenye sakafu. Kihisi joto chake ni themista, yaani kikinza ambacho ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Themista nyingi za sakafu zina ukinzani wa kiloomu 10 kwenye 25 °C. Sakafu ikipoa, ukinzani hupanda. Themostati husoma badiliko hilo, kisha huiamuru rilei. Kumbuka mada ya sumakuumeme: mkondo mdogo kwenye koili ya rilei hufunga swichi inayopitisha mkondo mkubwa.

7.3 Jambo la msingi

Themostati huwasha na kuzima tu. Haiongezi wala haipunguzi nguvu ya waya wa joto. Waya wa wati 600 hutoa wati 600 kila unapowaka, uwe umeweka 22 °C au 35 °C. Ukiweka namba kubwa, sakafu haipati joto haraka zaidi. Inachelewa tu kuzimwa. Watahiniwa wengi huifikiria themostati kama bomba la maji: ukifungua zaidi, yanatoka mengi zaidi. Hapo ndipo alama hupotea. Hebu tuthibitishe kwa hesabu.

Mfano 1. Vigae na gundi ya sakafu ya bafu vina uzito wa kilo 80. Kilo 1 ya vigae huhitaji jouli 840 kupanda nyuzi 1. Waya wa joto una nguvu ya wati 600. Sakafu itachukua muda gani kupanda kutoka 18 °C hadi 28 °C? Chukulia hakuna joto linalopotea.

Q = mcθ = 80 × 840 × 10 = jouli 672,000
t = Q ÷ P = 672,000 ÷ 600 = sekunde 1,120, yaani dakika 19 hivi.

Angalia tena hesabu hiyo. Namba iliyowekwa kwenye themostati haimo popote ndani yake. Ungeweka 35 °C, sakafu ingefika 28 °C baada ya dakika zilezile 19, kisha ingeendelea kupanda na kula umeme. Kwa kweli muda huwa mrefu zaidi, kwa sababu sehemu ya joto hupotea kwenda chini kwa mpitisho na kwenda juu kwa msafara na mnururisho.

7.4 Hatua za kufunga

Tahadhari: kazi hii hufanywa na fundi umeme mwenye leseni. Wewe unatakiwa kuieleza, si kuijaribu nyumbani. Maji ya bafuni na umeme vikikutana, mtu anaweza kufa.

1. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha hakikisha kwa kipimio kwamba hakuna umeme kwenye waya.
Sababu: swichi inaweza kuwa imeandikwa vibaya, kipimio hakibahatishi.

2. Pima ukinzani wa mkeka wa waya wa joto na ulinganishe na ulioandikwa kwenye lebo yake.
Sababu: waya uliokatika huonyesha ukinzani usio na kikomo, ulioshotika huonyesha mdogo mno.

3. Tandaza mbao za kuhami joto, kisha mkeka juu yake. Usiukate waya wa joto wala kuupitisha juu ya waya mwingine. Usiutandaze chini ya kabati lisilohama.
Sababu: mbao huzuia joto kwenda chini kwa mpitisho. Ukifupisha waya, ukinzani hupungua, mkondo huongezeka na waya huungua. Mahali waya zinapopishana, au palipofunikwa na kabati, joto hujikusanya.

4. Ingiza kihisi joto ndani ya bomba jembamba na ukilaze katikati ya mistari miwili ya waya wa joto.
Sababu: kikigusa waya, kitasoma joto la waya badala ya la sakafu, na themostati itazima mapema. Kikiwa ndani ya bomba, kikiharibika huvutwa na kubadilishwa bila kuvunja vigae.

5. Pima ukinzani tena kabla ya kuweka vigae na baada ya kuviweka.
Sababu: mwiko wa fundi unaweza kuukata waya. Kasoro ikijulikana mapema, ni rahisi kuirekebisha.

6. Funga themostati ukutani. Kwa sakafu ya bafu, kwa kawaida huwekwa nje ya bafu, mbali na maji. Ikiwa ni ya aina inayopima pia joto la hewa ya chumba, isikae juani wala karibu na dirisha.
Sababu: maji hupitisha umeme; jua na upepo hudanganya kihisi.

7. Unganisha waya: laivu na nyutro za kuingiza umeme, laivu na nyutro za kwenda kwenye mkeka, na nyaya mbili za kihisi. Ganda la metali la mkeka liunganishwe na ethi. Saketi ilindwe na kifaa kinachokata umeme mkondo unaovuja ukifika miliampea 30.
Sababu: hitilafu ikitokea, umeme hukatwa kabla haujamdhuru mtu.

8. Subiri gundi ikauke kwa siku alizotaja mtengenezaji, ndipo uwashe.
Sababu: joto la mapema hukausha gundi bila mpangilio, nayo hupasuka.

7.5 Kupanga themostati

Mpangilio huanza kwa kuweka saa na siku sahihi. Kisha huchaguliwa kihisi kitakachotumika: cha sakafu, cha hewa, au vyote viwili. Baadaye huwekwa kikomo cha juu. Kiwango cha Ulaya EN 1264 huweka 29 °C kwa sakafu za vyumba vya kukaa na 33 °C kwa bafu. Kwa sakafu za mbao watengenezaji wengi hushauri 27 °C. Mwisho hupangwa vipindi vya siku:

Saa 11:30 alfajiri hadi saa 2:00 asubuhi: 28 °C
Saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:30 jioni: 18 °C
Saa 11:30 jioni hadi saa 4:00 usiku: 28 °C
Saa 4:00 usiku hadi saa 11:30 alfajiri: 18 °C

Mwenye nyumba huyu huoga saa 12:00 asubuhi, lakini amepanga joto lianze nusu saa kabla. Mfano 1 umekuonyesha sababu: sakafu ina uzito, nayo huhitaji muda. Anayetaka joto la saa 12 hatangulizi namba kubwa, hutanguliza muda.

Ndani ya kipindi cha 28 °C waya hauwaki mfululizo. Themostati inaweza kuzima kwenye 28.5 °C na kuwasha tena kwenye 27.5 °C. Pengo hilo huzuia rilei isiwashe na kuzima kila sekunde na kuchakaa.

7.6 Hesabu ya umeme

Mfano 2. Mkeka wa wati 150 kwa kila mita ya mraba umefunika mita za mraba 4. Umeme ni volti 230. Tafuta (i) nguvu, (ii) mkondo, (iii) ukinzani.

(i) P = 150 × 4 = wati 600
(ii) I = P ÷ V = 600 ÷ 230 = ampea 2.6
(iii) R = V² ÷ P = 52,900 ÷ 600 = omu 88.2

Themostati nyingi za sakafu hubeba hadi ampea 16, kwa hiyo mkondo huu ni salama.

Mfano 3. Kwa siku moja waya huo uliwaka kwa jumla ya saa 3.5. Chukulia uniti moja ni pauni 0.25. Linganisha gharama hiyo na ya waya unaowaka saa 24 bila themostati.

Kwa themostati: 0.6 × 3.5 = uniti 2.1, gharama ni pauni 0.525.
Bila themostati: 0.6 × 24 = uniti 14.4, gharama ni pauni 3.60.

Angalizo: usizidishe nguvu kwa urefu wa kipindi kilichopangwa, bali kwa muda ambao waya uliwaka. Badili pia wati kuwa kilowati kabla ya kuzidisha.

7.7 Jipime

1. Mpangaji anasikia baridi. Anaweka themostati 35 °C badala ya 28 °C ili sakafu ipate joto haraka. Je, atafanikiwa? Eleza. (alama 3)
2. Mkeka wa mita za mraba 9 una wati 150 kwa kila mita ya mraba na unatumia volti 230. Kokotoa mkondo, ukinzani, na uniti za siku 30 ikiwa unawaka saa 4 kwa siku. (alama 6)
3. Waya wa kihisi joto umekatika. Ukinzani utakuwaje? Kwa nini themostati bora huzima umeme badala ya kuendelea kuwasha? (alama 4)

Majibu

1. Hatafanikiwa. Nguvu ya waya haibadiliki, hivyo kasi ya kupanda kwa joto ni ileile. Waya utachelewa tu kuzimwa, na gharama itapanda.
2. P = wati 1,350. I = 1,350 ÷ 230 = ampea 5.9. R = 52,900 ÷ 1,350 = omu 39.2. Nishati = 1.35 × 4 × 30 = uniti 162.
3. Ukinzani hauna kikomo. Kwa themista, ukinzani mkubwa humaanisha baridi kali; themostati isiyo na kinga ingedhani sakafu imeganda na kuwasha bila kukoma. Ndiyo maana themostati bora huchukulia hali hiyo kuwa hitilafu, huzima umeme na kutoa ishara.

Ukikosa swali la 1, rudia kifungu cha 7.3 kabla ya kuendelea na mada ya 8. Ukikosa la 3, rudia maelezo ya themista katika 7.2.