Faili Kuu la Kanzidata Likifutika: Usiharakishe Kuzima Kompyuta

Vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za maji na wafanyabiashara wengi siku hizi huhifadhi hesabu zao katika kanzidata. Programu mojawapo inayotumika sana kwa kazi hiyo ni MySQL. Ndani yake limo faili liitwalo ibdata1 ambalo, hadi toleo la 5.7, hubeba orodha kuu ya majedwali yote. Faili hilo likifutwa kwa bahati mbaya, na nakala ya akiba haipo, michango na madeni ya wanachama huwa hatarini. Hata hivyo, hayajapotea bado.

Kosa kubwa ni kuzima kompyuta na kuiwasha upya. Katika mfumo wa Linux, kufuta faili ambalo programu ingali imelifungua huondoa jina lake tu. Yaliyomo hubaki kwenye diski mpaka programu ilifunge. Maadamu MySQL inaendelea kufanya kazi, faili lingalipo. Fundi na azuie uandikaji wa taarifa mpya, asubiri mabadiliko yote yafike kwenye diski, kisha alinakili faili kupitia saraka ya /proc, ambako Linux huonyesha mafaili yaliyofunguliwa na kila programu. Ndipo MySQL isimamishwe, nakala iwekwe mahali pa faili la awali ikiwa na mmiliki na ruhusa zilezile, na huduma iwashwe.

Ikiwa kompyuta imekwisha kuzimwa, njia ni ndefu zaidi. Tangu toleo la 5.6, kwa kawaida kila jedwali huwa na faili lake lenye kiishio .ibd. Fundi hunakili kwanza saraka nzima kwenye diski nyingine, bila kugusa ya asili. Kisha huunda majedwali matupu yenye muundo uleule katika MySQL mpya, na kuingiza faili la zamani la kila jedwali mahali pa lile tupu. Muundo usipolingana, faili huenda likakataliwa; na miamala ya mwisho huenda ikakosekana.

Hapo ndipo thamani ya stakabadhi huonekana, kwa kuwa hesabu zilizookolewa hulinganishwa nazo. Kila mwanachama na atunze zake. Aidha, awaulize viongozi wa kikundi chake maswali mawili: nakala ya akiba iko wapi, na ni lini ilijaribiwa kurejeshwa?