Bawabu wa Ubongo

Katika nyumba ya mtu mkubwa hapakosi bawabu. Mgeni afikapo haendi moja kwa moja mpaka chumba cha mwenye nyumba. Husimama kwanza mlangoni, huulizwa ametoka wapi na ana habari gani, kisha hupelekwa mahali panapomfaa. Ubongo wa mtu nao una bawabu wake, na jina lake ni thalamasi. Neno hili lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni chumba cha ndani.

Thalamasi iko katikati ya kichwa, juu ya shina la ubongo. Ina sehemu mbili, moja kuume na moja kushoto, na kila moja ina umbo kama la yai dogo, urefu wake kama sentimeta 3. Juu yake umeufunika ubongo mkubwa, ambao gamba lake la nje ndilo mahali pa kufikiri na kutambua.

Mtoto wa Ilomba, mjini Mbeya, akiamka asubuhi ya mwezi wa Julai na kukanyaga sakafu kwa miguu mitupu, baridi humgusa nyayo. Habari ya baridi hiyo hupanda kwa mishipa ya fahamu, hufuata uti wa mgongo, huvuka upande wa pili wa mwili, hata ifike katika thalamasi. Bawabu huipokea na kuipeleka katika gamba la ubongo, mahali pale panapopokea habari za miguu. Ndipo mtoto hutambua kwamba sakafu ni baridi. Habari za macho zina mlango wake, na za masikio zina mlango wake. Harufu peke yake ina njia nyingine: harufu ya mahindi yanayochomwa hufika katika gamba la ubongo bila kupita kwanza kwa bawabu huyu.

Usiku bawabu ana kazi nyingine. Malori hupita katika barabara kuu iendayo Tunduma, lakini mtu aliyelala usingizi mzito hayasikii. Masikio yake hayakuzibwa, ila thalamasi imepunguza habari zinazopita. Asubuhi milango hufunguliwa tena.

Bawabu akiumia, nyumba nzima hupata taabu. Mshipa wa damu ukiziba au kupasuka ndani ya thalamasi ya kuume, upande wa kushoto wa mwili huweza kufa ganzi. Wagonjwa wengine baadaye husikia maumivu makali kama ya moto, hali hakuna kitu kilichowagusa. Madaktari wawili wa Paris, Dejerine na Roussy, walieleza ugonjwa huu katika mwaka 1906.

Kuna ugonjwa mwingine, nao huonekana darasani. Mwanafunzi anasoma kwa sauti. Ghafula hunyamaza, macho yake hukaza kutazama mbele, na akiitwa haitiki. Baada ya sekunde chache huendelea kusoma, wala hajui kwamba alinyamaza. Huweza kupatwa hivyo mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, na pengine humpiga fimbo. Kumbe mtoto hana kosa. Thalamasi na gamba la ubongo, ambavyo kwa kawaida huzungumza kwa sauti nyingi mbalimbali, vimeanza kupiga pamoja kama ngoma moja, kama mara 3 kwa kila sekunde, na habari nyingine hazipati njia. Hiki ni kifafa cha namna yake. Fimbo haikiondoi, bali dawa ya hospitali hukizuia mara nyingi, na watoto wengi huachwa nacho wanapokua.

Kifafa kikubwa, kile cha kuanguka na kutetemeka, kimeogopwa tangu zamani. Katika mwaka 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kliniki ya wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Aliwakuta wengi wametengwa, wakila peke yao, kwa sababu watu walidhani mate ya mgonjwa huambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto, maana walianguka jikoni. Aliwapa dawa, na wengi waliopata dawa kila siku walipungukiwa na kuanguka. Mate hayaambukizi kifafa, wala povu haliambukizi.

Hata hivyo kuna sababu moja ya kifafa ambayo watu wa Mbeya na Iringa, wafugao nguruwe wengi, yawapasa kuijua. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge ya tegu, nayo haikuiva, tegu hukua katika matumbo yake. Mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi. Pasipo choo, nguruwe huyala. Na mikono isiponawiwa, au mboga zisiposafishwa, mtu naye huyameza. Mayai hayo yakimezwa na mtu, wadudu wake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Hata mtu asiyekula nyama ya nguruwe kamwe aweza kupatwa, kwa uchafu wa jirani yake. Kwa hiyo choo kizuri, maji na sabuni, zizi lililofungwa na nyama iliyoiva sana ni kinga ya ubongo.

Mtu akianguka kifafa, asikimbiwe. Aondolewe karibu na moto na maji, alazwe ubavu, wala asitiwe kijiko wala kitu cho chote kinywani. Kutetemeka kukizidi dakika 5, apelekwe hospitali upesi. Akizinduka, asichekwe, maana bawabu hakuchagua kuugua, wala mwenye nyumba.

Maswali
1. Ni habari gani isiyopita kwanza katika thalamasi?
2. Kwa nini si haki kumpiga mwanafunzi anyamazaye ghafula?
3. Mtu asiyekula nyama ya nguruwe hupataje wadudu wa tegu ubongoni?
4. Eleza mambo matatu ya kumtendea mtu aliyeanguka kifafa.