TUJENGE STESHENI NDOGO YA RELI YA BUSTANINI

Somo letu la leo ni kupima na kupunguza vipimo. Tutajifunza kwa kazi ya mikono, yaani kujenga stesheni ndogo ya garimoshi, ya kukaa nje bustanini.

Ndugu msomaji, usicheke. Huko Ujerumani, Uingereza na Marekani wako watu wazima wengi wenye reli ndogo katika bustani zao. Treni yenyewe haimfikii mtu gotini. Inapita kati ya maua, inasimama stesheni, inaondoka tena. Wengine hununua majengo yaliyokwisha tengenezwa kiwandani. Wengine huenda kwenye stesheni ya kweli, wakapima, kisha wakajenga wenyewe tangu mwanzo kwa mbao, bati na saruji. Sisi tunawafuata hao wa pili.

Mwaka 1968 kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya mji wa Nürnberg, Ujerumani, ilianza kuuza treni za bustanini. Nafasi kati ya reli zake mbili ni milimita 45. Waliifuata reli ya kweli yenye upana wa mita 1, wakaipunguza mara 22 na nusu. Sasa angalia jambo hili. Reli yetu ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, nayo ina upana wa mita 1. Kwa hiyo treni ya Kigoma ikipunguzwa mara 22 na nusu inakaa sawasawa juu ya reli hiyo ya milimita 45. (Ile reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ni pana zaidi, milimita 1,435. Hiyo tuiache.)

Kupunguza mara 22 na nusu kunawatisha wengi. Iko njia nyepesi. Andika kipimo chako kwa sentimita. Zidisha kwa 2. Kisha gawanya kwa 45. Basi. Ukuta wa mita 9 ni sentimita 900. Mara 2 ni 1,800. Gawanya kwa 45, unapata 40. Ukuta wako mdogo utakuwa na urefu wa sentimita 40.

Kabla ya kupima stesheni, mwombe ruhusa stesheni masta. Usikanyage reli. Nendeni watu watatu: wawili washike futi kamba, mmoja aandike. Sisi tulipima stesheni ndogo ya kawaida. Urefu wa jengo mita 9. Upana wake mita 4 na nusu, yaani sentimita 20 kwa jengo letu dogo. Kimo cha ukuta mita 3 na sentimita 15, kikawa sentimita 14. Dirisha lenye upana wa sentimita 90 likawa sentimita 4. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na sentimita 7 na nusu hivi. Huyo mtu mchonge mapema kwa kijiti, akusaidie. Asipopita mlangoni, umekosea hesabu.

Kuta tulizifanya kwa saruji, maana boksi hufa kwa mvua ya kwanza, na plaibodi hubanduka. Tulitengeneza fremu ya mbao kama ile ya kufyatulia matofali, tukailaza chini juu ya karatasi ya nailoni. Penye dirisha na mlango tuliweka vipande vya mbao vilivyopakwa oili chafu, ili vitoke bila kuvunja kitu. Tulichanganya saruji kopo 1 na mchanga laini kopo 3. Tukaweka waya mwembamba katikati, tukajaza mpaka unene wa sentimita 2. Ukuta ufunike kwa gunia bichi siku 7. Usiwe na haraka ya kuunyanyua.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe linastahili kuelezwa. Tulimimina kuta mbili ndefu za sentimita 40 na mbili za pembeni za sentimita 20, kama hesabu ilivyotuambia. Tukazisimamisha, zile fupi zikiwa kati ya zile ndefu. Tukapima upana wa jengo. Kumbe ni sentimita 24! Tulisahau unene wa kuta ndefu, sentimita 2 huku na sentimita 2 huku. Mmoja wetu alisema sentimita 4 si kitu. Tukamwambia azidishe mara 22 na nusu. Akapata sentimita 90. Stesheni imenenepa karibu mita nzima! Paa tulilokwisha likata halikutosha. Ikabidi tumimine upya kuta za pembeni, sentimita 16 kila moja.

Wakati tunabishana, mama mmoja wa darasa letu alikuwa kimya. Halafu akasema, "Sasa nimejua chumba changu kilikokwenda." Alikuwa ameagana na fundi chumba cha futi 10. Kitanda chake kina futi 6 na kabati futi 3 na nusu. Alipoviingiza, vilikataa kukaa pamoja ukuta mmoja. Fundi alipima futi 10 kwa nje. Kila ukuta una unene wa nusu futi, kwa hiyo ndani zilibaki futi 9. Mwaka mzima mama huyu alikuwa hamsalimu fundi, akidhani ameibiwa. Hakuna aliyemwuliza mwenzake: futi 10 za nje au za ndani? Jioni ile alikwenda kwake na daftari.

Paa ni kazi nyepesi. Kata kopo la soda, linyooshe. Juu ya kibao panga vipande vya waya mnene vilivyonyooka, kimoja kando ya kimoja. Weka bati lako juu, ukandamize kwa msumari kila penye mfereji. Litatoka na mikunjo kama bati la kweli. Angalia vidole, makali yake hukata.

Kengele ilitusumbua. Wazee wawili waligombana kama kile kipande cha reli kilichogongwa zamani kilining'inia upande wa ofisi ya tiketi au upande wa ghala. Tumeweka upande wa tiketi, kwa sababu mzee wa ghala hakuja siku ya pili. Treni ya kununua hatuna. Watoto wamechonga mabehewa ya mbao, na wanayasukuma kwa mkono juu ya fito.

ZOEZI. Stesheni nyingine ina upana wa mita 3 na sentimita 15 kwa nje. Kuta zako ni za unene wa sentimita 2. Ukuta wa pembeni, unaoingia kati ya zile ndefu, uwe wa sentimita ngapi? Jibu ni 10. Kama umepata 14, rudi kwenye habari ya chumba cha mama.